Bandama, Kondo na Ukili

Mama yangu hajui sentimita. Anapima kwa shubiri, kwa wanda, kwa mkono, na kwa ukili. Tumbo la binti yangu lilipoanza kuyapita matumbo ya watoto wa rika lake, mama alinyanyua ukili aliokuwa akiusuka uwani, akauzungusha kiunoni mwa mtoto juu ya kitovu, na pale ncha ilipokutana na mwili wa ukili akafunga uzi mwekundu. Kisha akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Baada ya mwezi akapima tena, akafunga uzi wa pili, nyanda mbili mbele ya ule wa kwanza. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya ugonjwa wa mwanangu, na mpaka leo sijaona ya hospitali iliyotunzwa vizuri kuliko hiyo.

Tunaishi Muheza, mkoani Tanga, nchi ya machungwa na mbu. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, mke wangu ni fundi cherehani. Binti huyu ni wa mwisho kati ya watatu, alizaliwa 2013. Jina lake sitaliandika; akikua ataamua mwenyewe kama anataka watu wajue habari za tumbo lake. Mama humwita "mke mwenzangu", kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na jina hilo litatutosha hapa.

Kwa mtoto wa Muheza tumbo kubwa halikuwa habari. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala wakakubaliana namna ya kupanga madaraja ya ugonjwa huo: unapapasa bandama za watoto wa mahali, wa miaka miwili hadi kumi, na ukikuta zaidi ya robo tatu yao zimevimba, hapo malaria ni ya daraja la juu kabisa. Sisi tuko chini ya milima ya Amani, na watafiti wamekuwa wakishuka kutoka huko kuja kupima damu zetu tangu enzi za Waingereza. Kwa hiyo bandama kwetu ilikuwa na jina, ilikuwa na dawa, na ilikuwa na mganga wake.

Mganga alifika kabla ya daktari. Siku moja nikiwa kazini, mama alimpeleka mjukuu wake kwa mzee mmoja, akachanjwa chale 14 ubavuni kushoto na kupakwa dawa nyeusi. Niliporudi nilifoka. Lakini nilifoka huku najua kwamba chini ya shati langu nami nina chale zilezile, mahali palepale, na nilipona. (Nilikuwa na malaria tu, nikapona malaria.) Jambo ambalo lilipaswa kutushtua ni jingine: damu ya zile chale haikukata. Tulibadilisha vitambaa hadi saa nne usiku. Mama alisema mtoto ana damu nyepesi. Leo najua kwamba bandama ile kubwa ilikuwa inazizuia ndani yake chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kila jeraha lilikuwa linatuambia hivyo. Hata pua yake ilikuwa ikitoka damu bila kugongwa, nasi tukasema ni joto la Januari.

Halafu kuna hospitali. Sitamlaumu mtu, maana nimeyarudia yale madaftari ya kliniki mara nyingi na sioni mahali ambapo mimi ningefanya tofauti. Kila tulipompeleka na homa alipimwa malaria, na mara nyingi kipimo kilikuwa na ukweli: malaria alikuwa nayo. Hapo ndipo pabaya. Ugonjwa mmoja ulikaa mbele ya mwingine kama mtu mnene kwenye mlango wa daladala. Alipewa dawa ya mseto, homa ikashuka, tukarudi nyumbani tukishukuru, na ukili ukaongezewa uzi. Alipoanza kulia usiku kwa maumivu ya mapaja, walisema huenda ni selimundu, jambo la busara kabisa kwa nchi yetu. Wakapima, hana. Wakapima kichocho, hana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, damu haikuongezeka. Shuleni watoto wakampa jina la Kitumbo, na yeye, kwa kuwa ana ulimi wa bibi yake, akawa anaitika.

Mwaka 2019, akiwa na miaka sita na urefu wa mtoto wa miaka minne, tulipelekwa Dar es Salaam ili atolewe bandama. Ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa kitovu, ngumu kama dafu lisiloiva. Operesheni ilipangwa Alhamisi. Jumanne jioni alipita daktari mmoja kijana, bado yuko mafunzoni, akakaa kitandani, akaomba madaftari yote. Aliyahesabu yale matibabu ya malaria kwa kidole. Akaniuliza, "Mwalimu, bandama ya malaria mtu akitibiwa hurudi kuwa ndogo. Hii mmeitibu mara 19. Mbona haijarudi hata mara moja?"

Swali la mwanafunzi. Ndilo lililosimamisha kisu.

Wakachukua uboho kwa sindano nene nyuma ya nyonga, na mtoto akaniuma mkono hadi leo nina alama. Kwenye darubini walikuta seli kubwa zilizojaa mikunjo, kama karatasi ya shashi mtu aliyoifinyanga kiganjani. Yule daktari aliniita nichungulie. Sikuelewa nilichokiona, ila nilielewa uso wake: alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu, na aibu ya kufurahi mbele ya baba. Matone manne ya damu yakadondoshwa kwenye karatasi ngumu, yakaachwa yakauke, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikaenda Ujerumani. Damu ya mwanangu ilipanda ndege kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu. Baada ya wiki tano jibu likaja: ugonjwa wa Gaucher, aina ya kwanza.

Linatamkwa "Goshe". Mwaka 1882 Philippe Gaucher, wakati huo mwanafunzi wa udaktari Ufaransa, aliandika habari za mwanamke wa miaka 32 mwenye bandama kubwa ajabu. Alidhani ni saratani ya bandama. Alikosea, na ugonjwa ukabaki na jina lake. Mama aliposikia habari hiyo akauita "bandama ya Mfaransa", na nyumbani ndivyo tunavyouita.

Kumweleza mama ilikuwa kazi yangu, na nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu nilimkuta jikoni anachuja tui. Nikamwambia: mama, mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kula taka. Chembe za damu zikizeeka zinakwenda kwenye bandama, kwenye ini na kwenye uboho, huko seli hizo zinazikamua, kama wewe unavyokamua nazi. Kinachofaa kinarudi kwenye damu. Yanabaki machicha, na machicha haya ni mafuta. Kuna kitu kidogo, kimeng'enya, kinachoyakatakata machicha ili yatoke. Mke mwenzako hana hicho kimeng'enya, au anacho kibovu. Kwa hiyo kila siku anakamua nazi mpya kwenye kifumbu kilekile bila kumwaga machicha. Mama akakitazama kifumbu mkononi mwake, kilikuwa kimejaa. Akasema, "Sasa kitapitisha nini?"

Hakika. Bandama inajaa, inavimba. Ini linajaa. Uboho unajaa, pale ambapo damu ilitakiwa kutengenezwa, na mifupa inakosa damu yake yenyewe, ndiyo kile kilio cha usiku. Na ndiyo maana kuitoa bandama, tiba ya zamani, haikuwa tiba: ukiondoa kifumbu kimoja, machicha yanakwenda kujaa kwenye vingine, hasa mifupani.

Mpaka hapo mama alikuwa pamoja nami. Kisha akauliza ulikotoka, na hapo nikatamani nisingeanza.

Mke wangu ni binti wa mjomba wangu. Yaani mama yangu ni shangazi yake. Ndoa yetu aliipanga mama mwenyewe, na siku ya posa alisema maneno wanayosema watu wote wa pwani, kwamba binamu nyama ya hamu. Ugonjwa huu hauonekani mpaka mtoto apokee jeni mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja tu anaweza kuishi miaka 90 bila kujua. Watu wa ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba jeni moja ileile, kwa sababu waliipata kwa mtu mmoja. Mimi na mke wangu tuliipata, kwa hesabu zote, kwa babu yetu au bibi yetu, kupitia kwa mama yangu na kaka yake. Wapo wanaoipata bila undugu wowote, nami nilimwambia hivyo. Lakini mama hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anahesabu. Akasema alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyefariki akiwa mdogo sana, kabla hata hajaacha kulala na mama yao. "Alikuwa na tumbo," akasema. Kisha akamalizia kuchuja tui.

Kwa mwalimu wa hisabati kuna adhabu ya ziada. Kila mwaka nafundisha uwezekano kwa kurusha sarafu mbili, na kila mwaka mwanafunzi mmoja anadhani kwamba ukishapata mikia miwili mara moja basi mara tatu zijazo umesamehewa. Hapana. Kila mimba ni moja kwa nne, upya, sarafu hazina kumbukumbu. Na wale watoto wangu wawili wazima, kila mmoja ana theluthi mbili ya uwezekano wa kubeba jeni moja. Sio nusu, kama nilivyojibu haraka pale kwa daktari. Ukishajua kwamba mtoto si mgonjwa, yale majibu manne yanabaki matatu. Nilikosea hesabu ya darasa langu mwenyewe kwa sababu ilikuwa inahusu wanangu.

Sasa dawa. Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo sehemu iliyoniondolea usingizi kwa namna nzuri.

Jambo lenyewe kusema ni rahisi: kimeng'enya hakipo, mpe. Mbelgiji Christian de Duve aligundua mwaka 1955 vile vijifuko vya ndani ya seli ambamo taka huyeyushwa, lisosomu, na kwa kazi yake juu ya seli alipata tuzo ya Nobel 1974. Mmarekani Roscoe Brady, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa afya huko Bethesda, ndiye aliyeonyesha katikati ya miaka ya 1960 ni kimeng'enya gani hasa kinachokosekana kwa wagonjwa wa Gaucher. Kinaitwa glukoserebrosidezi. (Mama: "Jina refu kuliko ugonjwa.") Tangu siku ile Brady alijua kilichotakiwa kufanyika, na ilimchukua robo karne kukifanya.

Kwanza, kimeng'enya cha binadamu utakipata wapi kwa wingi? Alikipata kwenye kondo la nyuma.

Lazima niwaambie mama yangu alikuwa nani. Kwa miaka 30 na zaidi alikuwa mkunga wa jadi. Makondo ya nusu ya mtaa wetu ameyazika yeye, kwa mkono wake, karibu na nyumba ya mwenye mtoto, kwenye shimo refu ambalo mbwa hafikii na mwenye husuda halioni. Mtu akisema hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu, kwetu si methali, kuna mtu anajua ni hatua ngapi kutoka mlangoni. Kondo si taka. Ni ndugu wa mtoto aliyetangulia kuzikwa.

Basi mwanawe akaja kumwambia kwamba Wazungu waliyakusanya. Mapema miaka ya 1970 Brady na wenzake walikisafisha kimeng'enya kutoka kwenye makondo wakawapa wagonjwa wa kwanza kwa sindano. Kilisaidia kidogo mno. Shida haikuwa kimeng'enya, shida ilikuwa kinakwenda kwa mtu asiye wake: seli za kawaida za ini zinakinyakua kabla hakijafika kwa wale wala taka. Ilikuwa kama mzigo unaotumwa kwa basi bila jina la mpokeaji, unashushwa kituo cha kwanza. Miaka ikapita mpaka ikaeleweka kwamba anwani iko kwenye vijinyororo vya sukari vilivyoning'inia juu ya kimeng'enya chenyewe. Seli zinazokula taka zinaitambua sukari moja, manosi. Brady na wenzake wakavipunguza vijinyororo hivyo, sukari baada ya sukari, hadi manosi ikabaki nje. Mzigo ukapata jina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwapa wagonjwa wanane dawa hiyo iliyorekebishwa. Watu wazima saba hawakuona kitu. Mtoto mmoja, wa miaka minne, damu yake ikapanda. Kipimo kilikuwa kilekile kwa wote, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kwa uzito wake peke yake kilitosha. Nikifikiria sehemu hiyo huwa naacha kila ninachofanya. Kama mtoto yule asingekuwemo, wangesema dawa haifanyi kazi, wakaondoka. Hesabu ya kilo tu, kugawanya kwa darasa la nne, ndiyo iliyosimama kati ya mwanangu na kaburi la mdogo wake mama. Waliongeza kipimo, wakawatibu wagonjwa 12, matokeo yakachapishwa 1991, na Aprili ya mwaka huo dawa ikaidhinishwa Marekani.

Kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja kulihitaji makondo takriban 20,000. Kampuni ya Ufaransa iliyokuwa tayari inakusanya makondo kwa ajili ya kutengeneza dawa za damu ndiyo iliyokuwa ikiyapata.

Mama alinyamaza kwa muda ambao tui lingeweza kuchemka. Kisha akauliza, "Wenyewe waliulizwa?"

Nikameza mate. Nikamwambia kwamba siku hizi hawatumii tena. Tangu 1994 kimeng'enya kinatengenezwa na seli zinazofugwa kwenye matangi, seli zilizotokana na kijinyama kidogo cha Uchina, jamaa wa panya, ambazo zimepewa jeni ya binadamu. Hilo halikumtuliza, lilimpeleka mbio kwa imamu. Mimi nilikuwepo. Imamu alisikiliza habari zote za panya wa Kichina, akauliza, "Bila dawa hiyo mtoto ataishi?" Mama akasema hivyo wanasema hataishi vizuri. Imamu akasema, "Basi unaniuliza nini, bibi?" Nilipomwambia baadaye kwamba ipo nyingine, iliyoidhinishwa 2012, ambayo kampuni moja ya Israeli inaitengeneza kwa seli za karoti, alinilaumu kwa dhati kwamba sikuomba ya karoti.

Kuomba. Neno hilo.

Kwa mtu mzima dawa hii huko Marekani hupita dola 200,000 kwa mwaka, na ni ya maisha. Haiponyi. Inamwaga machicha ya wiki mbili hizi, na wiki mbili zijazo yatakuwepo mengine. Jioni moja nilibaki darasani peke yangu, nikaandika ubaoni kiasi hicho kwa shilingi, nikakigawanya kwa mshahara wangu. Jibu lilipotoka nilifuta ubao kwanza, kisha nikafuta tena pale palipokuwa pasafi. Bima yangu inalipa malaria. Bandama ya Mfaransa haiijui.

Kwa hiyo binti yangu anatibiwa kwa msaada. Kampuni iliyoanzisha dawa hii ina mpango wa kuwapa bure wagonjwa wa nchi zisizoweza kununua. Ulianza 1991, mwaka uleule dawa ilipoidhinishwa. Daktari anaandika, jopo la madaktari linasoma, unasubiri. Sisi tulisubiri miezi saba. Sitaki kusikika kama mtu asiye na shukrani, maana shukrani ninayo mpaka inaniumiza kifua. Lakini nitasema ambalo wazazi wenzangu wachache wa Gaucher niliowapata tunasemezana kwa simu tu. Ni vigumu kulala ukiwa unaishi kwa zawadi. Zawadi haina mkataba. Nikichelewa kutuma vipimo vya mwaka, naota barua. Nikisoma kwamba kampuni imenunuliwa na kampuni nyingine, naisoma habari ya biashara kama wengine wanavyosoma habari ya mafuriko. Mwaka 2009, kabla binti yangu hajazaliwa, kirusi kiliingia kwenye matangi ya kiwanda cha dawa hii huko Boston. Binadamu hakimdhuru, ila kilizidhoofisha zile seli, kiwanda kikafungwa kusafishwa, na dunia nzima ikapunguziwa dozi, hata wenye kulipa. Nami huwa najiuliza, ikitokea tena, wa kwanza kukatwa kwenye orodha atakuwa nani: anayelipa au anayepewa?

Sisi wenyewe tulionja kidogo. Dozi ya kwanza alipata Novemba 2019. Aprili 2020 ndege zikasimama. Tuliruka dozi nne, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia, jambo ambalo ni baya kuliko kuwa naye. Dozi ya tano ilifika, nikaenda kuipokea uwanja wa ndege na barakoa yangu nikilia ndani yake.

Siku ya dozi yenyewe haina makubwa. Mwanzoni tulipanda basi saa kumi na moja alfajiri, Segera, Chalinze, Dar, yeye kalala mapajani kwangu. Siku hizi anatibiwa Tanga mjini, na vichupa vinakaa kwenye friji lenye joto la nyuzi mbili hadi nane ambalo mimi, nikiri, hupiga simu kuulizia umeme. Unga mweupe ndani ya kichupa unatiwa maji ya sindano. Nesi wetu ana sheria moja: hutikisi. "Mwalimu, hiki ni kitu hai kama yai," alinifundisha. "Unakizungusha taratibu, kama unapoza chai ya mgonjwa." Ukitikisa linatoka povu, na kimeng'enya kinaharibika. Kisha kinaingia kwenye chupa ya maji ya chumvi, kanula mkononi, dripu kwa saa moja hadi mbili. Binti yangu hufanya kazi za shule kwa mkono wa kulia na hugombana na mdogo wa kitanda cha jirani kwa mdomo. Ndani ya dakika kumi hivi nusu ya kile kilichoingia kinakuwa kimeshatoka kwenye damu, kimefika kilikotumwa. Dakika kumi, na wiki mbili za maisha.

Si kila mtoto wa Gaucher anapata hivi hata dawa ikiwepo. Kimeng'enya hiki hakivuki kuingia ubongoni, na zipo aina ambazo machicha yanaharibu ubongo. Ya pili huchukua watoto wachanga kabla ya kufika miaka mitatu. Tulikutana na mama mmoja Dar ambaye mwanawe alikuwa na aina hiyo. Alimshika mwanangu tumbo, akasema, "Wako litashuka." Sijamwona tena.

Na lilishuka. Mwezi wa tatu wa dawa pua iliacha kutoka damu. Mwezi wa sita alipanda ngazi za shule bila kusimama. Baada ya mwaka alikuwa amerefuka hadi mke wangu akashusha pindo za gauni zote. Nyuma ya mlango, nyuzi nyekundu zilianza kurudi zilikotoka: mama alikuwa anafunga nyuzi za bluu sasa, kila moja nyuma ya nyingine, na ile safari ya miaka minne kwenda mbele ikawa inarudi kwa miezi. Daktari alimpima kwa ultrasaundi, akasema bandama imepungua zaidi ya nusu. Mama akamjibu, kwa heshima, kwamba hilo alishalijua tangu Ramadhani.

Kitu kimoja tu amekiacha. Mwanangu mkubwa amefika umri wa kutaniwa juu ya kuoa, na kuna binti wa upande wa mjomba ambaye watu wanamtazama. Shangazi zangu wanamwimbia binamu nyama ya hamu. Mama anaondoka chumbani.

Mwezi uliopita, siku mbili kabla ya dozi, alimwita mke mwenzake, akazungusha ukili, akanyamaza. Akazungusha tena. Ncha ilikuwa imepita uzi wa mwisho wa bluu, kwenda mbele, wanda nzima. Akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya tui. Usiku ule sikulala. Nilizipitia dozi zote za mwaka, nikamtumia daktari ujumbe saa tisa usiku, nikajua kabisa kwamba dawa imeacha kufanya kazi, au mwili wake umeanza kuikataa, jambo ambalo kwa wengine hutokea. Asubuhi tukaenda Tanga na ukili mkobani.

Yule daktari kijana sasa si mwanafunzi tena, na siku hiyo kwa bahati alikuwa Tanga. Alimlaza, akapapasa ubavu wa kushoto, akamwambia avute pumzi, akapapasa tena. Kisha akakishika kitumbo chenyewe kwa vidole viwili, kama mtu anayepima unga wa chapati.

"Bandama iko palepale," akasema. "Mwalimu, huyu anakula nini?"

Mtoto akamtazama bibi yake. Bibi akatazama dirishani. Kumbe tangu Idi kulikuwa na maandazi kila alfajiri, kabla hatujaamka, na tui zito.

Tuliporudi nyumbani mama alikaa mkekani na ukili magotini, uzi wa bluu mkono mmoja, uzi mwekundu mwingine, hajui afunge upi. Aliniuliza kama kuna rangi ya unene. Nilimwambia achague mwenyewe. Ukili bado uko mapajani kwake ninapoandika, naye amemtuma mke mwenzake dukani akamletee uzi wa njano.